Majibu Yaliyopotelea Bandani

Vijana wangu wa chumba cha mitambo, siku ile ya kuniaga mlinishika mkono mkasema, "Mama Rehema, tuandikie hata kurasa chache." Haya, naandika. Vyeo na mishahara sigusi. Vyeo sikuvipata vya kusimulia, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika habari za vyombo nilivyovishika, mtu aliyenifundisha kazi, na kosa moja ambalo mpaka leo sijalisahau. Kosa lilikuwa langu. Aliyelibeba alikuwa mtu mwingine.

Nilianza kazi Korogwe, kwenye shamba la mkonge, msichana wa kidato cha nne ambaye hajawahi kushika hata simu. Nikawekwa kwenye chumba cha redio ya upepo, ile ya kuitana na vituo vya mbali, chini ya Mzee Mhina, Mzigua mfupi mwenye koti la kaki ambalo hakulivua hata jua la Februari likiwaka vipi. Asubuhi ya kwanza akanipa kipaza sauti. Nami, kwa adabu niliyofunzwa nyumbani, nikaanza: shikamoo, habari za kuamka, habari za watoto, kazi inaendeleaje. Upande wa pili kimya. Mzee Mhina alicheka mpaka akashika meza.

"Binti, hapa hatupo msibani," aliniambia. "Taja kituo chako, ngoja uitwe, sema neno lako, funga mdomo."

Kituo kikuu kilikuwa Tanga, na opereta wa huko alikuwa na orodha ya vituo anavyovitambua. Jina lisilokuwemo halijibiwi, hata ulie machozi. Mara moja alitujia bwana afya kutoka Mpale, ana haraka na dawa za kuharisha, akaninyang'anya kipaza akaanza kujitaja jina na cheo chake. Tanga kimya. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Kimya. Akanitazama kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyemziba. Mzee Mhina akamnyooshea mkono: "Nipe nikusemee." Akaita kwa jina la kituo chetu, akasema maneno yote ya bwana afya, na majibu yalipokuja akamrudishia neno kwa neno. Dawa zikapatikana. Nikadhani nimejifunza jambo la redio tu.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Mashirika yakauzwa, na shamba letu likapata mwenye mali mpya aliyeshuka kwenye gari akiwa na simu ya mkononi. Redio ikang'olewa wiki hiyohiyo. Mzee Mhina akarudi kwao, nami nikapata kazi ya kupiga chapa hospitalini Handeni. Huko ndiko kompyuta za mitumba zilikonikuta, zimeshushwa kwenye lori pamoja na vitanda na magongo. Hakuna aliyejua kuziwasha. Nikaziwasha mimi, mbili zikaungua, ya tatu ikakubali. Toka siku hiyo nikaitwa fundi, na mtu akishaitwa fundi Handeni hawezi tena kusema "sijui".

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo shughuli ilipoanzia. Maabara ilikuwa na programu ya zamani ya kuandikia wagonjwa na majibu yao. Ilikataa katakata kukaa kwenye kompyuta mpya. Kompyuta ya zamani iliyoibeba ilipokata roho, nikafanya ujanja ambao wakati ule nilijivunia kupita kiasi: nikatengeneza kompyuta ndani ya kompyuta. Laptopu mpya ya maabara niliiita mwenyeji. Ile ya ndani, isiyo na bati wala skrubu, yenye mfumo wa kizamani na programu ya maabara, niliiita mgeni. Mgeni alidhani ana mwili wake. Alikuwa hata na anwani yake mwenyewe ya mtandao, tofauti na ya mwenyeji, na kupitia waya alipeleka majibu moja kwa moja kwenye seva ya ofisi ya kumbukumbu, ambako kliniki iliyasoma.

Halafu nikaongeza ujanja wa pili. Virusi vya kwenye flashi vilikuwa vimetutesa kama funza. Basi nikapiga picha ya mgeni akiwa msafi, nikampangia kwamba kila akizimwa, akiwashwa tena aanze upya kama kwenye ile picha. Uchafu wa jana unafutika wote. Majibu hayakuwa na tatizo, kwa kuwa yalikuwa yameshakwenda kwenye seva. Nilitembea kifua mbele mwezi mzima.

Mtaalamu wa maabara alikuwa Halima, binti wa Kabuku, mwembamba, mkimya, mwenye mkono mtulivu kuliko wote niliowaona kwenye hadubini. Siku za mnada wa ng'ombe wafugaji walikuja kwa wingi, na wengi wao walikuja kupimwa kikohozi, tukihofia kifua kikuu. Mganga mkuu akaona si vizuri watu wa kikohozi kurundikana kwenye korido. Akaagiza lijengwe banda la wazi nyuma ya maabara, lipitishe upepo, na siku za mnada Halima ahamie huko na hadubini yake na laptopu. Waya haukufika. Nikafunga kifaa cha waifai chini ya paa la maabara, nikafungua laptopu bandani, nikaingia kwenye intaneti, ikafunguka vizuri kabisa. Nikamwambia Halima, "Mwanangu, umeula. Huna tena habari ya waya." Kisha nikaenda kunywa chai.

Mgeni sikumjaribu. Andikeni hilo mahali.

Wiki kadhaa zikapita, manung'uniko yakaanza. Mfugaji anatoa kohozi siku ya mnada, anaambiwa arudi mnada ujao kuchukua majibu kliniki, anatembea tena ile safari yote, akifika anaambiwa majibu hayapo. Si majibu tu. Hata jina halikuwemo. Kana kwamba hakuwahi kukohoa mbele ya mtu. Anaambiwa atoe kohozi upya, na mnada unaofuata hayumo tena kwenye mfumo. Wakulima na watu wa mjini, waliopimwa siku nyingine, majibu yao yalikuwa yamekaa pale yametulia.

Mnaweza kukisia watu walisema nini. Ng'ombe wa wafugaji wa Kimasai walikuwa wamekula shamba lote la mahindi la baba yake Halima msimu uliopita, na Handeni nzima ilijua. "Binti ana kisasi," wakasema. "Anawabagua Wamasai. Anawafuta." Halima akaapa kwamba aliandika kila jina na mashine ikamwambia imehifadhi. Akasema wengine anawakumbuka, aliona vijidudu kwa macho yake. Akaambiwa aonyeshe. Slaidi zilikuwa zimeshachomwa, kama utaratibu unavyotaka, na madaftari ya karatasi yalikuwa yamepigwa marufuku na wafadhili wa mfumo, eti kuandika mara mbili ni kupoteza muda.

Mganga mkuu akanitaka mimi, fundi, nitoe kauli. Nikakagua. Nilikwenda maabara siku ya kawaida, laptopu ikiwa mezani na waya wake, nikaandika jina la uongo, likafika kwenye seva mara moja. Nikaenda bandani nikafungua intaneti, ikafunguka. Nikaandika barua yenye mistari miwili: mtandao hauna hitilafu, kosa ni la mtumiaji. Nikaipiga muhuri. Halima akasimamishwa kazi akisubiri kikao cha mwisho.

Alikuja mlangoni kwangu siku aliyorudisha koti lake jeupe. "Shikamoo mama," akasema. "Marahaba." Akasimama kidogo, akatazama kompyuta zangu, akaondoka. Mimi nikarudi kwenye kazi yangu. Sikuwa na hata chembe ya wasiwasi, jamani. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mahali pake akawekwa Joshua, kijana wa Kimasai kutoka upande wa Kwamsisi, ndiyo kwanza ametoka chuo. Watu wakaridhika, sasa wafugaji watahudumiwa na mtoto wao. Mnada wa kwanza ukapita. Mnada wa pili, asubuhi, Joshua akaingia ofisini kwangu bila hodi, uso umempauka.

"Shikamoo mama. Mama yangu hayumo."

"Hayumo wapi?"

"Kwenye mfumo. Nilimpima mwenyewe wiki iliyopita, pale bandani. Nikamwona ana vijidudu. Nikaandika jina lake kwa vidole vyangu hivi, mama! Nimekwenda kliniki kumchukulia dawa. Hayumo. Na wa siku ile wote hawamo."

Nilisimama, nikakaa. Joshua hakuwa na kisasi na mtu. Mtu gani anamfuta mama yake mzazi? Nikasikia sauti yangu ikisema, "Yarabi, nimefanya nini," na Joshua akadhani nimeugua, akaniletea maji.

Nikamwambia achukue laptopu tuende. Tulianzia mezani maabara, waya ukiwa umechomekwa. Nikamfungua mgeni, nikamwamuru aiite seva na aendelee kuiita bila kukoma. Seva ikawa inajibu, mstari baada ya mstari. "Chomoa waya," nikasema. Joshua akachomoa. Laptopu ikajishika na waifai, alama ikajaa. Mgeni akanyamaza. Si kusuasua; kimya kabisa. Nikamwamuru mwenyeji aiite seva hiyohiyo. Ikamjibu papo hapo.

Tukarudia. Tukachomeka, mgeni akasema. Tukachomoa, mgeni akawa bubu. Tukaiweka chini kabisa ya kifaa cha waifai, karibu kiasi cha kukigusa, kisha tukatoka nayo mpaka bandani. Intaneti inakimbia, mgeni bubu. Nikabadilisha anwani ya mgeni, nikampa ya kuandika kwa mkono. Bubu. Nikazima ulinzi wa mwenyeji. Bubu. Mara nikamkumbuka bwana afya wa Mpale na kipaza sauti mkononi, anajitaja na Tanga haimjibu. Nikapiga kelele pale bandani mpaka kuku wakatimka.

Kifaa cha waifai kinamtambua yule tu aliyebisha hodi akapokelewa, yaani kadi ya laptopu. Mimi nilikuwa nimempangia mgeni ajitokeze mtandaoni kwa anwani yake mwenyewe. Kwenye waya hakuna anayejali, swichi ya mtandao inapokea kila anayekuja. Hewani, kifaa kikisikia anwani ambayo haikubisha hodi, kinaitupa, wala hakisemi kwamba kimeitupa. Dawa yake ni ileile ya Mzee Mhina: mwenyeji amsemee mgeni. Unabadilisha mpangilio sehemu moja, basi. Nikabadilisha. Mgeni akaita seva, seva ikajibu. Haikuchukua muda wa kumenya chungwa.

Joshua akafurahi, akapiga makofi. Mimi sikuweza kufurahi naye, maana nilikuwa nimeona na kosa la pili. Halima alipobonyeza kutuma, programu ilikosa seva, ikaweka majibu kwenye foleni yake ikamwandikia "Imehifadhiwa", naye akaamini, kama mtu yeyote angeamini. Jioni betri inakwisha, laptopu inazimwa. Kesho yake inawashwa maabara, na mgeni anaamka msafi kama kwenye picha yangu. Foleni yote imefutika, majina na majibu, hakuna hata alama kwamba yalikuwepo. Ujanja mmoja uliwanyamazisha wale watu, wa pili ukawafuta. Na ujanja wote huo ulitoka kichwani mwangu. Siku za mnada pekee, watu wa mnada pekee! Hata ningetaka kumsingizia Halima kwa makusudi, nisingeweza kupanga vizuri hivyo.

Kikao kilikuwa kesho yake. Halima alikaa karibu na mlango na baba yake mdogo, amejifunika ushungi mpaka kwenye nyusi. Mganga mkuu akasoma barua yangu kwa sauti. Nikanyoosha mkono.

"Mama Rehema, una nyongeza?"

"Barua hiyo ni yangu, daktari, na ni ya uongo. Nilijua ninachokiandika? Sikujua. Lakini niliandika."

Nikaeleza yote, waya, banda, mgeni, picha. Niliona nusu yao hawanielewi, basi nikamwita Joshua aingie na laptopu. Akachomeka, akachomoa, wakaona kwa macho. Mjumbe mmoja akanong'ona, "Astaghafirullah." Mganga mkuu akamrudishia Halima kazi palepale, akamwomba radhi mbele ya watu, na mimi nikapewa onyo la maandishi. Hiyo barua ya onyo ninayo, imo kwenye faili la vyeti vyangu.

Halima hakulia wala hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: "Mama, kabla ya kuandika ile barua, ulikuja kukaa bandani nami hata siku moja ya mnada?"

"Sikuja," nikamjibu.

"Nilikuwa nakutazamia," akasema.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaanza kumwomba msamaha, naye akanikatiza kwa mkono. "Yatasubiri hayo. Chukua kalamu, mama. Mashine imewasahau, lakini wenye vijidudu mimi siwasahau." Akafumba macho pale kwenye kiti akaanza kutaja. Jina, mume au mke wa nani, boma la upande gani, alivaa nini, alikohoa vipi. Joshua akawa anamsaidia: huyu namjua, huyu wamehamia bondeni. Niliandika majina kumi na moja kwa haraka, mwandiko kama wa mtoto wa chekechea. Mama yake Joshua alikuwa wa kumi na mbili, na yeye alianza dawa siku hiyohiyo.

Tulikodi pikipiki mbili na kuwafuata, Halima, Joshua na mimi. Hakuna aliyetutuma. Wengi tuliwakuta, tukawarudisha kliniki, mmoja kwa kumbembeleza kuliko mwali, kwa kuwa alishaapa kutokanyaga tena hospitali yetu. Sikumlaumu.

Wa mwisho alikuwa mwanamke wa bonde la nyuma ya Kwamsisi. Halima alimkumbuka kwa kuwa alikuja na mtoto mgongoni na alicheka kila alipokohoa, akiona haya. Tulifika jua limeshapanda. Mwanamume wa makamo akatoka zizini akifuta mikono, akatusalimu, akatuuliza tunamtafuta nani. Joshua akataja jina. Yule mwanamume akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, "Tumemzika. Hata mwezi haujaisha." Akatutazama mmoja mmoja. "Ninyi ni akina nani?"

Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kusema. Nilikuwa na maneno yangu tayari: mimi ndiye fundi, kosa ni langu. Nikafungua kinywa, hakikutoka kitu. Mimi, mwenye ulimi huu mnaoujua!

Halima akasogea mbele yangu. Yule yule waliyemwita mwenye kisasi, ambaye hakuwa na kosa lolote, wala sababu ya kusimama mbele ya mtu huyo.

"Pole sana, baba," akasema. "Sisi ni watu wa maabara. Tumeleta majibu ya mama. Tumechelewa."

Alisema sisi. Nilisikia neno hilo likinipiga kifuani, na sijapigwa hivyo tena mpaka leo.

Halima akamnyooshea karatasi aliyoandika majibu hayo upya; yule mwanamume akaipokea, akaigeuza upande huu na ule. Hakujua kusoma. "Yanasemaje?" akauliza.

Halima hakumficha. "Yanasema alikuwa na ugonjwa unaotibika."

Ng'ombe walikuwa wanalia zizini wanataka kutolewa, na hakuna aliyekwenda kuwafungulia. Kisha akaikunja karatasi, akaiweka ndani ya shuka lake, akageuka akaita kwa Kimasai kuelekea nyumbani. Watoto watatu wa marehemu wakatoka wakijipanga ukutani kwa urefu wao, mdogo anajikuna jicho.

"Basi wapimeni hawa," akasema, naye Halima akapiga magoti kwenye vumbi, akafungua mkoba, akaanza kutoa vikopo vya kohozi.